Riwaya ya kihistoria kwa vijana: utafiti umejaa, sura ya kwanza haitoki

Kalamu_Mpya
Habari zenu wadau. Ninaandika riwaya ya wasomaji wa miaka 12 hadi 16. Mhusika mkuu ni msichana wa miaka 14, mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota pamba Manchester, Uingereza, mwaka 1834. Madaftari ya utafiti yamejaa, lakini kila nikikaa kuandika narudi kusoma tena, na kinachotoka ni insha ya historia. Mnajipangiaje kazi ya namna hii? Msukumo wa kisa mnautoa wapi kwenye lundo lote hilo la taarifa? Na huyu binti aongeeje?

Mlinzi_wa_Nyaraka
Mwaka uliouchagua una utajiri mkubwa, mkuu. Sheria ya viwanda ya 1833 ndiyo kwanza inaanza kushika: viwanda vya pamba haviruhusiwi kuajiri mtoto wa chini ya miaka 9, na binti wa miaka 14 mwisho wake ni saa 12 kwa siku, bila kazi ya usiku. Usimweleze msomaji haya, mfanye binti agongane nayo. Toa hizo saa 12, toa mapumziko ya kula, toa usingizi na mwendo wa kwenda na kurudi. Amebakiwa na muda mfupi sana wa kuishi kisa chake. Ukimzungusha mjini Jumanne mchana, umeua ugumu wote wa maisha yake.

Sasa tazama mwanya. Usajili wa vizazi wa serikali England ulianza Julai 1837. Mwaka 1834 watoto wa maskini wengi hawana karatasi ya kuthibitisha umri, hivyo daktari humtazama mtoto umbo na nguvu, kisha huandika kwamba anaonekana ana miaka 9. Mpe binti yako mdogo wake wa miaka 8, na nyumbani hakuna chakula. Tayari una uongo mbele ya daktari, mzazi anayeuhitaji ujira ule, na dada anayejua ukweli. Msukumo utafute sehemu kama hizo, ambapo kanuni ya wakati ule inambana kijana mmoja mwenye jina.

Angalizo: uamuzi mzito aufanye binti mwenyewe. Miswada mingi ya vijana hufa pale mkaguzi mwema anapotokea sura ya mwisho na kutatua kila kitu.

Sura_kwa_Sura
Kwenye ratiba, tenganisha kuandika na kutafiti, visikutane kikao kimoja. Kikao cha kuandika kiwe dakika 60 hadi 90, intaneti imezimwa, mezani kuna karatasi moja tu ya onyesho la leo: wapi, lini, nani anataka nini, nini kinamzuia. Ukifika usichokijua, usisimame. Andika ZZZ na swali lake, kwa mfano "ZZZ taa ya aina gani?", kisha songa mbele. Herufi hizo hazimo katika neno lolote la Kiswahili, hivyo baadaye ukizitafuta kwenye faili zinajitokeza zote. Kikao cha utafiti kijibu ZZZ tu. Hapo ndipo utagundua kwamba sehemu kubwa ya madaftari yako haikuhitajika, na iache hukohuko.

Maneno 500 kwa kikao yanatosha. Riwaya ya maneno 60,000 ni vikao 120. Funga kikao ukiwa bado unajua sentensi inayofuata, uiandike pembeni.

Tengeneza pia jedwali la tarehe: siku ya wiki, umri wa kila mhusika kwa miaka na miezi, tukio la nchi, onyesho lako. Tarehe 1 Machi 1834 ilikuwa Jumamosi. Usipoangalia, utawapeleka kazini siku ya Jumapili.

Sikio_la_Lugha
Kuhusu kuongea: mashine zile zilikuwa na kelele nyingi mno, na wafanyakazi walizoea kusomana midomo. Kwa hiyo ndani ya kiwanda toa maneno machache na ishara. Mazungumzo marefu yahamie njiani au nyumbani. Hewa ilikuwa ya joto na unyevu kwa sababu uzi hukatika kwenye hewa kavu. Hilo aliseme mwili wake: jasho, kikohozi, nguo iliyogandamana mgongoni.

Usimpe Kiswahili cha tenzi za kale, wala cha vijiweni. Kipimo changu ni tamathali. Alinganishe vitu na anavyovigusa: nyuzi, vumbi la pamba, kengele ya alfajiri. Picha ya kamera hana, mbinu ya Mfaransa Daguerre ya kupiga picha ilitangazwa 1839. Viberiti vya kukwaruza vipo tangu 1827. Na barua kabla ya 1840 kwa kawaida ililipiwa na mpokeaji, kulingana na umbali, kwa hiyo barua ikibisha hodi kwa maskini, hilo ni onyesho zima.

Kama anasimulia kwa nafsi ya kwanza, hawezi kueleza anachokijua kila siku. Mtumie yule mdogo wake. Siku ya kwanza lazima afundishwe kuunga nyuzi na kufagia chini ya mashine inayotembea, na msomaji anajifunza naye.

Kalamu_Mpya
Asanteni sana. Huyo mdogo wake ameshapata jina! Ushahidi wa bungeni wa 1832 niutumie vipi?

Mlinzi_wa_Nyaraka
Ile kamati ya bunge kuhusu kazi ya watoto viwandani, iliyoongozwa na mbunge Michael Sadler, ilihoji mashahidi kwa swali na jibu, hivyo utapata saa za kuamka, adhabu na uchovu. Chukua mambo, usinakili sentensi. Mashahidi wengi waliletwa na waliotaka mageuzi, kwa hiyo soma pia ripoti ya tume ya serikali ya 1833 kuhusu viwanda ili msimamizi wako naye awe na hoja.

Jambo moja ambalo muhtasari mwingi hulikosa: katika ile sheria ya 1833, kikomo cha saa 9 za kazi kwa siku kwa watoto kiliingia kwa awamu. Machi 1834 kiliwagusa walio chini ya miaka 11, 1835 chini ya 12, na 1836 chini ya 13. Rafiki wa binti mwenye miaka 12 bado anafanya saa 12. Ukibadilisha lolote kati ya haya kwa ajili ya kisa, liseme kwenye ukurasa wa maelezo nyuma ya kitabu.