Naombeni ushauri: HPV sina, halafu naambiwa nina saratani ya mlango wa kizazi

SinaRaha: Wakuu, niko njia panda. Nimepima kirusi cha HPV, majibu hasi. Kipimo cha Pap, kile cha kukwangua seli za mlango wa kizazi, mwaka jana kilikuwa safi. Sasa wamekata kinyama wanasema ni saratani ya mlango wa kizazi, tena aina adimu. Ninavyojua saratani hii inaletwa na kirusi. Kama kirusi hakipo, ugonjwa umetoka wapi? Kuna aliyewahi kuchanganyiwa majibu maabara? Matusi sitaki.

MzeeWaKijiwe: Siti ya mbele. Nasubiri madaktari wa humu.

MamaWawili: Pole mdogo wangu. Mama yangu mdogo alikuwa na aina ya nyuroendokrini, seli ndogondogo, ilimwenda mbio kama moto kwenye nyasi kavu. Ila yeye kirusi alikuwa nacho, HPV namba 18. Tangu hapo nikawachanja mabinti zangu wote. Baba yao alinuna, eti nawafundisha uhuni. Nikamwambia nuna hadi uchoke.

Mnyoofu: Chanzo ni kutotulia. Watu wangetulia na wenza wao, haya yote tusingeyasikia.

Kitabibu: Mnyoofu, soma kwanza, kasema HPV hasi. Dada, kweli saratani hizi takriban 95 kwa 100 zinatokana na HPV: protini zake E6 na E7 huwaondoa kazini p53 na Rb, walinzi wa seli. Lakini zipo chache ambazo jeni huharibika zenyewe bila kirusi, na tangu 2020 uainishaji wa WHO umezitenga kundi lake. Kwa hiyo HPV hasi haifuti majibu ya kinyama. Ripoti imeandikwaje, neno kwa neno?

SinaRaha: Mimi nimeuliza habari ya maabara kukosea, mbona ripoti tena?

MamaWawili: Iandike mama, hakuna anayekujua humu.

SinaRaha: Adenokasinoma ya aina ya tumbo, p16 hasi. Ndiyo maana nasema wamechanganya. Tumbo na mlango wa kizazi wapi na wapi?

Kitabibu: Adenokasinoma ni saratani ya seli za tezi, na p16 ni alama ya HPV kwenye seli, kwa hiyo p16 hasi inaendana na majibu yako ya kirusi. Jina la tumbo ni kwa sababu seli zake zinafanana na za tezi za tumbo. Mara nyingi hukaa juu, ndani ya mfereji, ndiyo maana kipimo cha Pap kinaweza kuipita. Unatokwa na majimaji mengi? Na una vidoa vyeusi midomoni tangu utotoni?

SinaRaha: Umejuaje?? Majimaji yana muda, navaa pedi kila siku kama niko hedhini. Vidoa ninavyo, mdomo wa chini na ndani ya shavu. Nyumbani waliita urembo, baba naye anavyo. Halafu nikiwa mdogo nilipasuliwa, utumbo ulijiingiza ndani ya utumbo. Daktari sijamwambia, niliona havihusiani.

Kitabibu: Vinahusiana sana. Kuna hali ya kurithi inaitwa Peutz-Jeghers, jeni STK11: vidoa, vinyama vinavyoota ndani ya utumbo na kuweza kuufanya ujiingize kama wako, na hatari kubwa ya saratani hiyo hiyo. Humu sikupimi, ila kamwambie daktari wako kila ulichoandika hapo.

Chunguza: Chai hii. Mmoja anauliza vidoa, mwenzake kumbe anavyo, na utumbo anaongezea bila kuulizwa. ID ya SinaRaha imefunguliwa leo. Mtu mmoja, simu mbili.

MzeeWaKijiwe: Hapo kwenye "umejuaje" hata mimi nilishtuka.

Kitabibu: Vidoa vya midomo ni swali la mtihani kwa mwanafunzi yeyote wa udaktari. Hakuna uganga hapo.

Chunguza: Sawa. SinaRaha, upasuaji wamekupangia lini?

SinaRaha: Ulikuwa wiki iliyopita. Sikwenda. Msinirukie! Sina mtoto hata mmoja na wanataka kutoa kizazi chote. Nimeanza dawa lishe, dozi nimeshalipia, na kusema kweli nasikia nafuu. Siwezi kuingia kisuni kwa karatasi nisiyoiamini.

MamaWawili: Mwanangu, nafuu gani na pedi bado unavaa?

Chunguza: Kama ni chai basi umeichemsha vizuri. Kama ni kweli, nisamehe.

Kitabibu: Kutoiamini ni haki yako. Omba slaidi za kinyama zisomwe na mtaalamu mwingine wa patholojia. Ila leo hii piga simu upangiwe tarehe mpya, mambo mawili yaende pamoja, kwa sababu aina hii hupenda kusambaa mapema. Habari ya uzazi iulize kabla ya kisu, usiikimbie. Na dawa lishe hizo zitaje, wajue unachokunywa.

SinaRaha: Na baba?

Kitabibu: Wewe upimwe jeni kwanza. Ikionekana, baba na ndugu zako wa damu nao waitwe.

Mnyoofu: Kwa hiyo mume hana kosa?

MamaWawili: Mnyoofu, nenda kalale.