Tanuri za feleji za India ya Kusini: zilizimwa na sheria za wakoloni, au zilikosa makaa na soko?

Mwanafuawe

Kila feleji (chuma kigumu chenye kaboni) ya India inapotajwa, huzuka dai kwamba Waingereza waliipiga marufuku, wahunzi wakanyamaza, na siri ikazikwa nao. Tuliweke mezani. Nazungumzia feleji ya kalibu, ile ya Salem, Mysore na Golkonda: chuma kinafungiwa ndani ya chungu cha udongo pamoja na vipande vya mti, kinayeyuka chote, na linatoka donge dogo lenye kaboni kati ya asilimia 1 na 2.

Naamini dola ilikuwa na mkono mzito. Sheria za misitu, kama ile ya Madras ya 1882, zilimfungia mchoma makaa njia ya msituni. Sheria ya silaha ya 1878 ilidai leseni kwa anayetengeneza, anayeuza na anayemiliki. Mwaka 1882 ushuru wa karibu bidhaa zote zinazoingia India ukafutwa. Ukishamnyima mhunzi makaa, mnunuzi na kinga ya soko, huna haja ya kuandika neno "marufuku" popote.

Kalibu Nyeusi

Ndugu Mwanafuawe, tuitazame kazi yenyewe kabla ya kumtafuta muuaji. Josiah Marshall Heath, aliyeanzisha kiwanda cha chuma Porto Novo, kusini mwa India, aliieleza kwa vipimo. Chuma kilichotoka tanuri la kwanza, ambacho bado hakijayeyuka, hufuliwa ili mavi ya chuma yatoke, kisha hukatwa vipande vidogo. Mti mkavu, hasa Cassia auriculata, hukatwakatwa na kupimwa: sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chuma. Vyote huingia chunguni, juu yake jani bichi moja au mawili, na mdomo huzibwa kwa udongo ulioshindiliwa. Udongo ukikauka, vyungu 20 hadi 24 hupangwa kama tao, matako yakielekea ndani ya tanuri. Makaa hurundikwa juu, na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi hupuliza mfululizo kwa takriban saa mbili na nusu. Chungu kikivunjwa, donge lina kama robo kilo, likizidi sana halifiki kilo moja.

Pa kuharibikia ni pengi. Udongo wa chungu huchanganywa na pumba za mpunga. Zikiungua huacha silika na kaboni, ndiyo maana ukuta wake ni mweusi na unastahimili joto karibu na nyuzi 1,400. Udongo usiofaa hulegea, chungu kinapasuka, feleji inamwagikia makaa. Mdomo ukivuja, hewa inaila kaboni, na chuma kikipungukiwa na kaboni kinadai joto kubwa zaidi: kilicho safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, ambazo mivukuto ile haizifikii. Mti ukizidi, kaboni inapita asilimia 2, na hicho ni chuma cha kusubu, kinachovunjika chini ya nyundo. Fundi aliyasoma hayo usoni mwa donge. Likiwa limeyeyuka sawasawa, lina mistari inayotawanyika kutoka katikati kama miale. Likiwa halijayeyuka vizuri, lina matundu kama sega la nyuki, na vinundu vya chuma laini vimetokeza.

Kazi haiishii hapo. Donge hurudishwa katika moto wa makaa kwa saa kadhaa, chini kidogo ya kuyeyuka, likigeuzwageuzwa mbele ya upepo ili kaboni ya ziada iungue. Bila hivyo halifuliki. Sasa hesabu mioto: wa kupata chuma, wa kukifua, wa kalibu, wa kulainisha. Mioto minne ya makaa ya miti kwa donge linaloenea kiganjani! Huko Sheffield, mji wa feleji wa Uingereza, tangu miaka ya 1740, Benjamin Huntsman alikuwa akiyeyusha kwenye kalibu kwa moto wa makaa ya mawe yaliyookwa. Mwaka 1856 Mwingereza Henry Bessemer akaonyesha njia ya kugeuza tani nzima ya chuma kuwa feleji kwa kuipulizia hewa tu, katika muda usiofika saa moja. Bei peke yake ingetosha kuua.

Bint Pwani

Kaka zangu, nyote mnatazama London na Sheffield. Mteja mkubwa wa feleji ya Golkonda alikuwa Iran. Maelezo ya Henry Voysey kuhusu kijiji cha Konasamudram, yaliyochapishwa 1832, yanaonyesha njia nyingine kabisa: chuma cha aina mbili, sehemu tatu za Mirtpalli na mbili za Kondapur, huchanganywa ndani ya kalibu. Moto ni wa saa 24, kisha chungu huachwa kipoe polepole. Wafanyabiashara wa Isfahan walilifuata donge hilo mpaka kijijini, kwa sababu ndilo lililotoa upanga wenye mawimbi usoni. Wateja hao waliporudi nyuma kwa kuwa bunduki zimechukua nafasi ya upanga, sheria gani ya Calcutta, makao ya serikali ya wakoloni, ilihusika?

Na kwa kuwa tunaandika kwa Kiswahili, niongeze hili. Al-Idrisi, mwaka 1154, aliandika kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa India na kusifiwa huko kwa kufulika vizuri. Ni habari ya chuma ghafi. Nawasihi wenzangu wasiigeuze kuwa ushahidi kwamba pwani yetu ilipika feleji.

Mwalimu wa Metali

Dada ametaja mawimbi, na hapo ndipo "siri" yote ilipo. Mtaalamu wa metali John Verhoeven na mhunzi Alfred Pendray walionyesha miaka ya 1990 kwamba mawimbi huhitaji vanadi, aina ya metali, au elementi za jinsi hiyo, hata kwa kiasi cha chini ya sehemu 100 kwa milioni. Donge likipoa polepole, vanadi hubaki kwenye mianya kati ya matawi ya fuwele. Kila mhunzi anapolipasha na kulifua, chembe ngumu za kabidi (muungano wa chuma na kaboni) hujipanga kwenye mistari hiyo. Mawimbi hayaji kwa pasho moja. Likipashwa mno, kabidi huyeyuka ndani ya chuma na mawimbi hufutika. Fosforasi ikizidi, donge hupasuka likiwa jekundu.

Kwa hiyo fundi angeweza kufuata kila hatua ya babu yake na asipate mawimbi, kisa tu madini yametoka shimo jingine. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Kalibu Nyeusi

Mwalimu, hapo nakupinga. Mawimbi ni jambo moja, donge ni jingine. Kule Chahak, Iran, karne ya 11 na 12, mafundi walitia madini ya kromi kwenye kalibu, na feleji yao ikawa na kromi karibu asilimia 1. Merv (leo nchini Turkmenistan) ya karne ya 9 ilikuwa na vyungu vyake vya udongo mweupe. Kila mji ulikuwa na mapishi yake. Sehemu kubwa ya madonge ya Salem ilikwenda kwenye patasi, visu na zana za kuchongea mawe, ambako hakuna aliyejali mawimbi. Kwisha kwa vanadi hakumzuii mtu kutengeneza patasi.

Mwanafuawe

Ya sheria ya silaha naiondoa. Patasi haikuhitaji leseni, na Bint Pwani ameniziba mdomo kwa Isfahan. Vilevile dai la ujuzi kuzikwa ghafla halisimami: mwanzoni mwa karne ya 20, mwanahistoria wa sanaa Ananda Coomaraswamy aliwakuta mafundi Sri Lanka ambao bado waliweza kuipika, na akaandika hatua zao.

Msitu siuachi. Mioto minne uliyoihesabu wewe mwenyewe, Kalibu Nyeusi, ndiyo hoja yangu: kazi inayokula makaa kiasi hicho haivumilii msitu kufungwa hata msimu mmoja.

Kalibu Nyeusi

Basi tuipime kwa ramani. Reli ya Madras ilianza 1856 na kuelekea Salem, ikibeba chuma cha Uingereza kuingia bara. Tanuri ikizimika kando ya reli, wewe utasema msitu, mimi nitasema bei, na hakuna wa kutuamua. Niletee vijiji vilivyokuwa vikipika feleji 1860, vikaacha kufikia 1890, na reli ilikuwa bado mbali navyo. Huko chuma kilicholetwa na meli hakikuwa na njia nyingine ya kufika isipokuwa mgongoni mwa ng'ombe. Ukivipata vingi, nitakuja upande wako.

Mwanafuawe

Nimekubali kipimo hicho. Naanza na wilaya za milimani.