Mjadala: Kikundi cha maigizo cha mashoga kinawajibika kuonyesha mashoga wema tu?

Naleta hoja hii kwa sababu kila kikundi cha maigizo cha mashoga kinachoishi kwa michango hufika mahali kikaulizwa: mmesema mpo ili jamii ituone vizuri, sasa mbona mmepandisha jukwaani shoga mlevi, mwongo, mwenye roho mbaya? Wanaouliza hivyo wanasema wapinzani wapo wa kutosha, hakuna haja ya kuwaongezea silaha. Mimi siafiki, na nitaeleza kwa nini.

Niwatendee haki kwanza, maana hofu yao ina chanzo. Mwaka 1927 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kupiga marufuku michezo iliyogusa mapenzi ya jinsia moja, ikiitwa upotovu, na ukumbi uliokaidi uliweza kutiwa kufuli mwaka mzima. Sheria hiyo ilidumu hadi 1967. Uingereza nako kila mchezo ulipitia kwanza mikononi mwa ofisa wa kasri la kifalme, Lord Chamberlain, mpaka 1968. Mwandishi wa michezo Doric Wilson na wenzake walipoanzisha kikundi cha maigizo cha mashoga cha TOSOS mjini New York mwaka 1974, vikundi vingine vikafuata: Gay Sweatshop London 1975 na Theatre Rhinoceros San Francisco 1977, watu walikuwa na kiu ya kumwona shoga anayependa, anayependwa, na ambaye pazia linafungwa akiwa hai. Kiu hiyo ilikuwa halali kabisa.

Lakini tazameni yaliyoukuta mchezo wa The Boys in the Band wa Mart Crowley, uliotoka 1968. Wanaume wamekutana kwenye sherehe ya kuzaliwa. Michael, mwenye nyumba, akishalewa anawabana wageni wake: kila mmoja ampigie simu mtu mmoja tu aliyewahi kumpenda kwa dhati, amwambie. Bernard, mweusi pekee kati ya wahusika 9, anapiga kwenye nyumba ambayo mama yake alikuwa akifua nguo, akimtafuta kijana wa nyumba hiyo aliyempenda. Anapokea mama wa kijana huyo. Bernard anaongea naye kwa adabu, anakata simu, kisha majuto yanammaliza palepale. Mashoga wengi waliukataa mchezo huo, wakasema unafundisha watu kujichukia. Mwaka 2018 ukarudi jukwaani, mara ya kwanza Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, safari hii waigizaji wote wakiwa mashoga waliojitangaza, na 2019 ukapata tuzo ya Tony kama mchezo bora uliorudishwa jukwaani. Michael hakuwa ametakaswa. Ila sasa hakuwa tena peke yake, akibeba sura ya mashoga wote duniani. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzima: mzigo unaisha kwa kuongeza michezo, siyo kwa kuisafisha.

Na anayetaka kuvikosoa vikundi hivi aanzie kwa huyo Bernard. Kwa muda mrefu nafasi kubwa imekwenda kwa wanaume weupe, wanawake na watu weusi wakibaki pembeni. Hilo linaninyima usingizi kuliko mhusika mlevi.

Chukueni pia The Normal Heart ya Larry Kramer, iliyochezwa ukumbi wa Public Theater mjini New York mwaka 1985, UKIMWI ukiteketeza watu. Kuta za jukwaa zilipakwa chokaa zikaandikwa takwimu za wagonjwa. Idadi mpya ikitoka, ya zamani inakatwa kwa mstari, mpya inaandikwa chini yake. Shujaa wake, Ned Weeks, ni mkali, mgomvi, anawafokea mashoga wenzake waache kufa kimyakimya, na mwisho wanamfukuza kwenye shirika alilolianzisha mwenyewe. Hapo hakuna picha nzuri hata moja. Upo upendo mwingi mno.

Kuhusu fedha, najua tiketi hazilipi gharama. Nchini Marekani mchangiaji wa shirika lisilo la faida hupata nafuu ya kodi, na bodi humwogopa asije akaondoka. Naelewa. Lakini usafi haujawahi kumnunua mpinzani. Angels in America, mchezo wa Tony Kushner kuhusu mashoga na UKIMWI, ilikuwa na tuzo ya Pulitzer tangu 1993, na bado ilipochezwa Charlotte, North Carolina, mwaka 1996, madiwani wa kaunti walikasirika hadi mwaka uliofuata wakafuta dola milioni 2.5 za sanaa.

Sehemu moja nakubaliana na wapinzani wangu: kwenye michezo inayopelekwa kwa vijana wadogo, ambao pengine hawajawahi kuona shoga mwenye maisha ya furaha, hadithi yenye mwisho mwema ina kazi yake, na kikundi kinaweza kuitanguliza bila kuona haya.

Sasa wanaotetea wema mtupu wanijibu hili. Mngekuwa kwenye bodi mwaka 1985, mswada wenye Ned Weeks ukawafikia mezani, mngeupitisha, au mngemrudishia mwandishi ampunguze makali?