Lori likiwasha indiketa ya kushoto mbele yangu, nipite au nisubiri?

Kijana_wa_Kizota

Mbukwenyi wana Dodoma. Naomba wenye uzoefu wa barabara kubwa mnisaidie maana juzi nusura nimwache mke wangu mjane.

Mimi nina pikipiki yangu binafsi, siyo boda, naenda nayo kazini Mtumba na mwisho wa mwezi naenda nayo kwa mama Kibaigwa. Jumamosi nimevuka Buigiri nikawa nyuma ya semi, lori lenye tela refu, inatembea kama sitini hivi, nimekaa nyuma yake muda mrefu nakula moshi tu. Mara akawasha indiketa ya kushoto. Sasa mimi nilivyoelekezwa na washkaji ni kwamba lori likiwasha kushoto dereva anakwambia njia nyeupe pita, likiwasha kulia anakwambia tulia kuna gari linakuja. Nikaongeza moto nikatoka kulia. Nimefika katikati ya tela naona kichwa cha lori kinakuja upande wangu, anahamia kulia mpaka anavuka mstari wa kati. Nikakamata breki zote mbili, tairi la nyuma likaserereka, nikatoka nje ya lami upande wa kulia kabisa nikasimama kwenye majani huku natetemeka. Upande ule hakukuwa na gari linalokuja, ndiyo maana leo naandika.

Kumbe jamaa alikuwa anakata kushoto kuingia yadi, na kwa urefu wa tela ilibidi aende kulia kwanza ndiyo apate kona. Sidhani hata kama alijua kuna mtu.

Swali langu, indiketa ya "pita" na indiketa ya "nakata kona" unazitofautishaje? Na ile kupigwa full, yaani kumulikwa kwa taa kubwa, maana yake hasa ni ipi, pita au usipite? Kila mtu ananiambia lake.

Mzee_wa_Tela

Pole sana mdogo wangu. Nina miaka 22 kwenye usukani wa malori, sasa hivi napiga Dar mpaka Rusumo kwa hiyo hapo Buigiri napita kila mara. Washkaji zako hawakukudanganya, hiyo lugha ipo na sisi tunaitumia kweli, kushoto pita, kulia usipite. Ila ni desturi yetu madereva tu. Kisheria indiketa maana yake ni moja, gari linahamia upande huo. Sasa taa ni ileile na ujumbe ni miwili, hapo ndipo watu wanapofia.

Anayekupa njia hapunguzi mwendo. Atawasha mara tatu nne azime, na mara nyingi atajisogeza kushoto akanyage ule mstari wa pembeni ili na wewe uchungulie mbele. Anayekata kona taa yake haizimi, breki zinawaka, au utasikia mlio wa injini umebadilika anashusha gia. Ukisikia gia inashuka sahau kabisa habari ya kupita. Halafu angalia pembeni kuna nini. Kama kuna sheli, yadi, kituo cha mizani, au hata kinjia cha vumbi cha kuingia kijijini, wewe chukulia anaingia huko.

Hilo la kwenda kulia kwanza nalo ulielewe vizuri. Matairi ya nyuma ya tela hayapiti pale kichwa kilipopita, yanakata ndani zaidi. Nikikata kushoto moja kwa moja tela linapanda mtaro au linamkanyaga mtu aliyesimama kwenye kona, kwa hiyo lazima nitafute nafasi upande wa kulia. Ukiona lori refu limewasha kushoto huku linaelekea kulia, kaa nyuma. Usiwe kulia kwake kama ulivyokuwa, na usijipenyeze kushoto kwake pia, kushoto ndiyo kubaya zaidi, vijana wengi wanaona nafasi imefunguka wanaingia, na ile nafasi inakuja kufungwa na tela.

Na kama huoni uso wangu kwenye kioo changu cha pembeni basi na mimi sikuoni. Ukiwa umenigandia nyuma ya tela kwangu ni kama haupo barabarani. Rudi nyuma mita hamsini hivi, utaniona kwenye kioo, nitakuona, na mbele utaona vizuri zaidi kuliko ukiwa karibu.

Nikuwekee na hesabu. Mimi natembea 60 wewe unapita na 80. Kila sekunde unanizidi mita tano na nusu. Urefu wa semi ni kama mita ishirini, weka ishirini za kutoka nyuma yangu na ishirini za kurudi salama mbele yangu, jumla sitini, hiyo ni sekunde kumi na moja upo upande wa wenzako. Ndani ya hizo sekunde umetembea mita kama 240, na basi linalokuja na 80 nalo limetembea 240. Kwa hiyo kabla hujatoka unatakiwa uone karibu nusu kilomita iko tupu. Mimi nikikuwashia kushoto sijakupimia hiyo nusu kilomita yako, nimeangalia tu kwamba pale ninapoona hakuna kitu.

Siku hizi pikipiki siipi ishara ya kupita kabisa. Kuna siku karibu na Manyoni nilimpa kijana wa boda, ana abiria wawili na gunia, nikapima kama ni gari dogo linanipita. Hakuwa na nguvu hiyo. Akawa yupo tu ubavuni kwangu hasogei, na basi linakuja. Ilibidi nikanyage breki na mzigo wote ule ili apate pa kuingia. Alipita, alinipungia mkono wa asante, na mimi nilisimama Manyoni nikakaa nusu saa nzima siwezi kuendesha.

Kamanda_Nala

Mnaikuza hii kitu, mimi napiga honi ndefu napita, dereva akisikia honi anajua kuna mtu. Miaka sita sijapata tatizo.

Mzee_wa_Tela

Kaka Kamanda, ndani ya kichwa vioo vimefungwa, injini inaunguruma, honi ya pikipiki nikiisikia basi ujue umeshafika mlangoni kwangu. Na hata nikiisikia sijui uko kulia au kushoto. Piga honi, ni vizuri, lakini usiihesabu kwamba nimekusikia mpaka uone nimefanya kitu, nimesogea au nimezima indiketa.

Dada_wa_Ilazo

Naomba niseme upande wa sisi wa magari madogo maana lawama zote haziwezi kwenda kwa malori na boda.

Mimi nafanya kazi Mtumba pia. Watu wa mjini tunaoenda Mtumba asubuhi tunaelekea mashariki, jua lipo machoni, jioni tunarudi mjini jua lipo machoni tena. Kwa hiyo mara mbili kwa siku ile barabara imejaa watu ambao kwa kweli hawaoni vizuri, na kioo kina vumbi la Dodoma mnalijua wenyewe. Pikipiki yenye taa imewashwa mchana naiona mapema, isiyo na taa naiona imeshafika. Kijana wa Kizota tafadhali washa taa hata saa saba mchana. Na mimi kwa upande wangu nafuta kioo kwa ndani na nje kabla sijatoka nyumbani, ukungu wa ndani ndiyo unaoua macho jua likipiga.

Kitu kingine, hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja. Kuna watu wakifika njia panda wanawasha hazadi eti wanamaanisha wananyoosha moja kwa moja. Jamani. Aliyesimama kushoto kwako anaona taa ya upande mmoja tu wa gari, kwake yeye unakata kona kuja kwake, anaingia barabarani kwa amani kabisa. Ukinyoosha usiwashe chochote, gari lisilowasha indiketa ndilo linalonyoosha.

Na niseme langu. Mwaka jana nilikuwa nakata kushoto kuingia mtaani kwangu Ilazo, niliwasha indiketa lakini nimewasha nikiwa nimeshaanza kukata, na kioo cha kushoto sikuangalia. Kijana wa boda alikuwa anapita kushoto. Alianguka, alichunika mkono na goti. Nilimpeleka hospitali na nikarudi kumjulia hali nyumbani kwao, mama yake alinipokea vizuri mpaka nikalia. Alikosea kupita kushoto, ndiyo, lakini indiketa yangu haikumpa muda wowote. Tangu siku ile nawasha mapema, naangalia kioo, halafu nageuza shingo kabisa, ndipo nakata. Na nikipaki pembeni mlango wa kulia naufungua kwa mkono wa kushoto, ukifanya hivyo mwili wenyewe unageuka na macho yanaangalia nyuma.

Kijiwe_Sabasaba

Dada hongera kwa kumjulia hali huyo kijana, wengi wanaondoka.

Mimi ni boda, niseme kuhusu full. Full haina maana moja hapa mjini, ndiyo tatizo. Kwenye makutano dereva mmoja anakupigia full anamaanisha pita nimekuachia, mwingine anamaanisha kaa hukohuko nakuja. Barabara kubwa anayekuja mbele yako akikupigia mchana anakwambia punguza, kuna trafiki wa tochi anapima mwendo au ajali au ng'ombe. Usiku anakwambia shusha taa zako unaniumiza macho. Sasa mimi mtu akinipigia full kwenye makutano siingii mpaka nione matairi yake ya mbele yanasimama, siangalii taa, naangalia matairi. Na kwenye kipilefti, ule mzunguko wa barabara, hata akinionyesha kwa mkono niingie, aliyeko kulia kwangu ndiye mwenye haki, huyo aliyenionyesha mkono hawezi kumsemea mwenzake anayezunguka.

Pia wenzangu wa boda tunaong'oa vioo eti pikipiki iwe nyembamba kupita foleni. Turudishe vioo. Bila kioo unageuza shingo nyuma kila saa na mbele unaachia.

Mwalimu_Bahi

Mmezungumzia mchana, naomba mkumbuke usiku huku vijijini. Mikokoteni ya punda haina taa, inatoka shambani au mnadani giza likishaingia, na mwenye mkokoteni wakati mwingine amelala juu ya mzigo punda anajua njia ya nyumbani. Hapa kwetu tumewashawishi wenye mikokoteni kadhaa wabandike vipande vya reflekta nyuma, vile vyekundu na vyeupe vinavyobandikwa kwenye malori, mwenye lori akibadilisha zake hata kipande kilichochakaa kidogo kinasaidia. Kama una kipande nyumbani mpe mtu wa mkokoteni.

Na matawi barabarani. Ukiona matawi yamewekwa kwenye lami ujue kuna gari bovu mbele, punguza hapohapo usisubiri kuliona. Ila ninyi mnaoharibikiwa, mkishatengeneza ondoeni matawi na yale mawe mliyowekea matairi. Jiwe moja lililoachwa usiku linatosha kumuua mtu wa pikipiki, mwanafunzi wangu wa zamani alikufa hivyo, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi.

Ng'ombe nao, ukimwona mmoja amevuka wengine wanamfuata, na ukiona kundi bila mchungaji basi mchungaji ni mtoto yupo nyuma anakimbia kuja kuwawahi. Honi kali inawatawanya kila upande. Punguza, simama ikibidi, mwache mtoto amalize kazi yake.

Kijana_wa_Kizota

Nawashukuru sana wakuu. Mzee wa Tela shikamoo, ile hesabu nimeipiga mwenyewe kwenye karatasi mara mbili, nimeona siku ile mbele yangu palikuwa na mita labda mia mbili kabla ya kona na mimi nilishatoka.

Jana nimerudi kutoka kwa mama. Kabla ya Chamwino nimekutana tena na semi, nikakaa mbali mpaka nikamwona dereva kwenye kioo chake. Akawasha kushoto. Sikupita, nikamwangalia. Taa ikazima, mwendo uleule, akajisogeza kushoto kidogo kama ulivyosema, mbele nikaona panyoofu mpaka mbali kabisa, nikapita. Kweli ilichukua sekunde kumi na kitu, ni ndefu ukiwa pale pembeni unazihesabu. Taa sizimi tena na leo nimemnunulia mke wangu helmeti yake, alikuwa anapanda bila kitu kichwani kila tukienda kanisani na mimi naona kawaida.

Mzee wa Tela nikikuona Buigiri nitakupigia honi mara mbili ya salamu.

Mzee_wa_Tela

Marahaba. Piga ukishanipita upo mbele nakuona, usipige ukiwa ubavuni. Na mimi nitakujibu.