Naogopa kiti cha daktari wa meno kuliko jino lenyewe, naombeni ushauri

Mama Dagaa (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 34, nafanya biashara ya dagaa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza. Gego la chini kulia limetoboka, linaniuma wiki ya tatu sasa. Alfajiri nikiwa napokea mzigo, upepo wa ziwani ukiingia tu mdomoni maumivu yanapanda mpaka sikioni. Usiku nabana karafuu, nameza diklofenaki, nalala masaa mawili naamka tena.

Hospitali nimeenda mara mbili. Ya kwanza nilifika dirisha la malipo, nikasikia ile mashine ya kuchonga jino inalia huko ndani, nikageuka. Ya pili nilikaa kabisa kwenye benchi, ile harufu ya chumba cha meno iliponifikia viganja vikalowa jasho. Nikamwambia dada wa pembeni naenda kununua maji. Sikurudi.

Chanzo nakijua. Nikiwa darasa la tano niling'olewa jino kwenye zahanati moja. Walinishika watu wawili, mmoja miguu, mmoja kichwa, na ganzi haijashika. Nikasema inauma, nikaambiwa nyamaza.

Sasa mtu mzima, mama wa watoto wawili, unamwanzaje daktari usiyemjua kwamba unaogopa mpaka miguu inakosa nguvu? Na foleni ndefu iko nyuma yako?

Fundi Nyegezi
Pole sana dada yangu. Nimepita humo humo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusubiri mpaka nimeshalazwa kwenye kiti, mdomo wazi, taa usoni. Hapo utasema nini? Safari iliyofuata nilisimama mlangoni, nikasalimia, nikasema: "Daktari, kabla sijakaa, naogopa sana, naomba dakika mbili." Akashusha barakoa, akavuta kistuli, akanisikiliza. Tukakubaliana nikinyanyua mkono wa kushoto anaacha kila kitu. Niliunyanyua mara tatu. Ile ya kwanza hata haikuwa inauma, nilitaka kuona kama kweli ataacha. Akaacha, akatoa na mikono mdomoni. Baada ya pale mwili wenyewe ulilegea.

Ngosha wa Igoma
Ng'oa tu, dakika tano umemaliza. Woga ukiulea unakua.

Msaidizi wa kliniki ya meno
Ngosha, huyu alishang'olewa kwa mabavu, na ndicho kinachomfukuza hospitali mpaka leo. Tumsaidie.

Dada, nafanya kazi chumba cha meno, si daktari. Watu wazima wanaotetemeka tunawaona kila wiki, na hakuna anayewacheka. Anayetupa shida ni yule anayejikaza kimya halafu anaruka ghafla sindano ikiwa mdomoni.

Ukisema "naogopa" umesaidia nusu. Mwambie unaogopa nini hasa, maana kila woga una namna yake. Wa sindano anapakwa kwanza dawa ya ganzi kwenye fizi, halafu inachomwa polepole. Wa mlio wa mashine tunamruhusu avae visikilizio vya simu. Wa kushtukizwa anaambiwa kila hatua kabla haijafanyika.

Kuhusu ganzi kutoshika: jino likiwa na uvimbe au usaha, ganzi huwa dhaifu, si kwamba mgonjwa anadeka. Kwa gego la chini, mdomo wa chini upande huo unatakiwa ufe ganzi kabisa. Ukiona bado una hisia, sema kabla hawajaanza, inaongezwa. Ujue pia kwamba ganzi inaondoa maumivu, haiondoi msukumo. Utasikia jino linasukumwa, na hiyo isikutishe. Maumivu makali ndiyo ya kunyanyulia mkono. Na moyo ukienda mbio kidogo baada ya sindano, usishtuke: ganzi nyingi zina adrenalini, kemikali inayoharakisha mapigo ya moyo, hali hiyo inapita muda si mrefu.

Ile harufu inayokufukuza, sehemu kubwa ni mafuta ya karafuu. Tunayachanganya kwenye dawa ya kuziba jino kwa muda. Ni karafuu ile ile unayobana usiku.

Diklofenaki wiki tatu ni nyingi, inaumiza tumbo na figo. Mtajie daktari, pamoja na presha, pumu au mimba kama ipo. Ukiona shavu linavimba na homa, au kumeza kunakuwa kazi, nenda siku hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Nikuulize: wewe unaogopa nini hasa?

Mama Dagaa
Nimekaa na hili swali tangu jana jioni. Nilidhani sindano. Siyo, nimezaa mara mbili, sindano nimechomwa sana. Naogopa kushikwa. Naogopa kusema inauma halafu mtu aendelee.

Msaidizi wa kliniki ya meno
Basi sema hivyo hivyo, usibadilishe neno.

Bibi Buzuruga
Mwanangu, nenda asubuhi mapema, uwe umekula. Tumbo tupu na woga vinaangusha mtu. Na siku ya kwanza omba kuangaliwa tu, usifanyiwe kitu. Mjukuu wangu alianzia hapo, akaonyeshwa kile kioo kidogo, akashikishwa. Sasa anatangulia yeye kwenye kiti.

Mama Dagaa
Mrejesho, siku ya tisa. Nilienda na mdogo wangu. Sentensi niliiandika kwenye simu nikihofia sauti itakata, na kweli ilikata, nikampa daktari asome. Akasoma, akaniangalia, akasema: "Hapa hakuna atakayekushika. Mikono yako ni yako."

Nililia kidogo. Akanisubiri.

Akapiga picha ya jino, akasema linaweza kuokolewa kwa kusafisha mizizi. Ganzi ya kwanza mdomo haukufa vizuri, nikanyanyua mkono, akaongeza, tukasubiri. Nilinyanyua tena katikati, akaacha, akaniuliza ni maumivu au msukumo. Nilipojua jibu mwenyewe, nikamwambia aendelee. Akaweka dawa ya muda, narudi Alhamisi. Usiku ule nililala mpaka adhana. Wabeja sana nyote.

Msaidizi, mdomo wote una ladha ya karafuu, ni kawaida?

Msaidizi wa kliniki ya meno
Kawaida kabisa. Usitafunie upande huo mpaka Alhamisi, na ile dawa ikibanduka usisubiri, warudie.