Ushauri: nimepewa kazi ya kuendesha brekidauni (gari la kuvuta magari mabovu) Dar, nijue nini kabla ya kukubali?

Mwana_Kibamba
Wakuu, salaam. Nina leseni daraja E, nimezoea Canter na Fuso za mizigo. Kuna tajiri hapa Ubungo ana brekidauni mbili. Moja ni Canter yenye kitanda kinachoshuka na winchi (mashine ya kuvuta kwa waya), nyingine ni lori la kunyanyua malori kwa mbele. Anataka nianze na ndogo, baadaye nihamie kwenye kubwa. Malipo ni asilimia kwa kila gari, mshahara hakuna. Barabara hainitishi. Kinachonipa wasiwasi ni kufunga na kubeba gari la mtu bila kuliharibu. Nianze kujifunza nini, nisitoke bila vifaa gani, na kwa tajiri nidai nini?

Winchi_Taratibu
Karibu mkuu. Kabla hujashusha mnyororo wowote, jiulize: nguvu ya gari hili inaenda tairi zipi? Madereva wengi wapya hulipa giaboksi za watu kwa sababu hawakujiuliza hilo.

Kwenye giaboksi ya otomatiki, pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, oili haisukumwi. Ukiburuza gari huku tairi zinazopokea nguvu zinazunguka chini, vyuma vya ndani vinazunguka pia bila kulainishwa, vinapata moto na kusagana. Kuweka N hakuondoi tatizo, maana N haitenganishi tairi na vyuma vya upande wa kutokea nguvu.

Kwa hiyo Vitz, Passo, IST na Premio za kawaida zinanyanyuliwa mbele. Mark X, Crown na Hiace za kawaida zinanyanyuliwa nyuma, au propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) inafunguliwa kwanza. Lakini usikariri jina la gari. IST na Noah zipo pia za kuvuta tairi zote nne, na kwa nje zinafanana na nyingine. Chungulia chini: gari la injini ya mbele iliyolala, ukiona propela inaenda nyuma, hilo ni la tairi nne. Forester nayo ni ya tairi nne. Gari la namna hiyo linapanda lote kitandani. Kama una chombo cha kunyanyua upande mmoja tu, tairi za upande wa pili zikae juu ya vitoroli (vigari vidogo vya magurudumu).

Prius, Aqua na haibridi nyingine (za injini na umeme), kitandani tu. Mota ya umeme imeungwa moja kwa moja na tairi, na tairi zikizunguka mota inazalisha umeme hata kama gari limezimwa. Hapo unacheza na moto, mkuu.

Mama_Gereji
Naongeza la mvua, kwa sababu masika ndiyo simu huwa nyingi: Jangwani, Mkwajuni, Kigogo. Gari lililozimika majini usimruhusu mwenyewe apige staa "tuone kama litawaka". Maji yakiwa ndani ya silinda hayagandamiziki kama hewa, pistoni inagonga na kupinda koneting rodi. Ondoa waya hasi wa betri, livute litoke, mwachie fundi afungue plagi na atoe maji kwanza. Na mwandikie mteja kwamba umelikuta limezimika majini, ili kesho asije kusema injini imekufa mikononi mwako.

Mkanda_50
Nijibu la vifaa, hasa kufunga, maana gari likidondoka kitandani pale Mandela si hasara yako peke yako.

Mikanda minne ya ratcheti yenye upana wa milimita 50, ile iliyoandikwa LC 2,500 daN (uwezo wa kufunga, takriban tani 2.5) kwenye lebo. Mkanda usio na lebo, au uliochanika ukingoni hata kidogo, utupe. Funga tairi, siyo bodi wala mikono ya saspensheni. Ukifunga chasi, gari linaruka juu ya springi zake kila tuta, mkanda unalegea, halafu unakatika kwa mshtuko. Ukifunga tairi, gari linanesa juu na tairi zinabaki pale pale. Kona zote nne, hendibreki juu, gia kwenye P, kabari mbele na nyuma ya tairi. Ukishafunga, legeza winchi kidogo. Waya wa winchi ni wa kuvutia, haukutengenezwa kushikilia gari safarini. Tembea kilomita moja au mbili, simama pembeni, kaza tena. Mikanda lazima itakuwa imelegea.

Mengine: mbao mbili za inchi 2 kwa ajili ya Crown na Mark X zilizoshushwa, la sivyo bampa litasagika kwenye ukingo wa kitanda. Puli moja nzuri (gurudumu la kupitishia waya), sheko (pingu za chuma za kuungia) za ukubwa tofauti, glovu za ngozi, kizibao cha kung'aa chako na cha tanboi (msaidizi wako), pembetatu mbili, taa ya kichwani, betri ya kubustia, kizimamoto. Na seti ya macho ya kuvutia, yale yenye nyuzi kama za skrubu, yanayofungwa kwenye tundu la bampa. Magari mengi ya mtumba yanafika hapa bila jicho lake. Volkswagen na Audi nyingi nyuzi zake zinakaza kwa kuzungusha kushoto, usilazimishe kulia ukaharibu tundu.

Fundi_Chasi
@Mkanda_50 uko sahihi kwa gari dogo. Ila gari lililopata ajali na tairi imeng'oka au imelala, hapo huna tairi ya kufunga. Funga chasi kwa mnyororo kona hiyo, uivute chini hadi springi ibanwe isiweze kunesa, na kona zilizobaki tumia mkanda wa tairi kama kawaida. Na gari la ajali usiliguse hadi trafiki wamalize kupima na waseme litolewe. Ukilisogeza mapema umeharibu ushahidi, na mteja atapata shida na bima yake.

Winchi_Taratibu
Nirudi kwenye winchi, wengi wanaidanganya nafsi hapa. Winchi iliyoandikwa tani 4 inatoa tani 4 pale tu waya ulipobaki tabaka la kwanza kwenye ngoma. Kila tabaka linaloongezeka, nguvu inapungua kwa asilimia 10 hadi 15. Ukivuta gari lililo karibu, ngoma imejaa, una winchi dhaifu kuliko unavyodhani. Upande mwingine usifungue waya wote: acha mizunguko isiyopungua 5 kwenye ngoma, maana ile pini ya mwisho haibebi mzigo.

Sasa hesabu ya matope. Gari likizama hadi nusu ya tairi, yaani usawa wa habu, hesabu mvuto sawa na uzito wa gari lenyewe. Likifika madigadi, mara mbili ya uzito. Noah ya kilo 1,500 iliyozama hadi madigadi kule mabondeni inataka takriban tani 3. Land Cruiser V8 ya kilo 2,600 hali ileile inapita tani 5, winchi ya tani 4 haitoshi. Pitisha waya kwenye puli iliyofungwa kwenye gari linalovutwa, urudishe ndoano kwenye brekidauni yako: mvuto unakaribia mara mbili, mwendo unashuka nusu. Chimba kwanza mbele ya tairi, mzigo unapungua kuliko vile watu wanavyofikiri.

Waya ukiwa umekaza, tupia turubai zito au mkeka katikati yake. Ukikatika, uzito huo unaushusha chini. Mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa waya wala ndani ya pembe ya puli. Watazamaji ni wengi kila mahali hapa mjini, na kazi ya kuwaondoa ni ya tanboi wako. Usivute mpaka wameondoka.

Mwana_Kibamba
Nashukuru sana wakuu. Swali: gari limekufa betri, otomatiki, limeegeshwa chini ya jengo kule Posta au Kariakoo. Brekidauni haiingii kwa urefu, lever haitoki P. Mnalitoaje?

Mama_Gereji
Toyota nyingi za lever ya kawaida zina kifuniko kidogo pembeni ya lever, mara nyingi kimeandikwa Shift Lock. Kibandue kwa bisibisi nyembamba, bonyeza kilichomo ndani huku umekanyaga breki, sogeza lever hadi N. Stelingi inahitaji ufunguo uwe ACC, vinginevyo inajifunga kwenye kona ya kwanza.

La kuwashwa kwa kitufe, anza kwa kulipatia umeme. Busti betri, liwashwe, stelingi ifunguke, kisha N. Prius P yake ni ya umeme, bila volti 12 haitoki kabisa. Betri yake iko nyuma lakini kuna sehemu ya kubustia kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti.

Likigoma, tairi zilizofungwa wekea slipa ngumu za plastiki (vibao vya kuteleza), mwagia maji ya sabuni, uvute taratibu hadi mlangoni. Kwenye mteremko wa kutokea, waya uwe umeshika gari muda wote na mtu awe na kabari mkononi. Breki zenyewe usizitegemee: injini ikizima, unapata mkanyago mmoja au miwili yenye msaada, baada ya hapo pedali inakuwa jiwe.

Mkataba_Kwanza
Ndugu, hayo ya tajiri yasikupite. "Asilimia kwa kila gari" ni sentensi isiyokamilika. Asilimia ya nini: ya fedha yote ya mteja, au iliyobaki baada ya dizeli? Ukifika Mbezi ukakuta gari limeshawaka na mteja ameondoka, dizeli hiyo ya nani? Tanboi analipwa na nani? Tozo ya daraja la Kigamboni? Faini ya trafiki kwa tairi kipara ambazo tajiri hakubadilisha? Yote yaandikwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi. Kuhusu kukatwa kwa gari lililoharibika: anatakiwa kuwa na makubaliano ya maandishi, uharibifu uwe umetokana na kosa lako, akupe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Uliza pia NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ambayo ni asilimia 20 ya malipo na fungu lako halizidi nusu, na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) ambayo mwajiri anachangia mwenyewe. Kwa kazi ya kusimama barabarani usiku, WCF usiiachie.

Halafu bima. Bima ya brekidauni yenyewe, hata iwe kubwa, si lazima ilipe gari lililo juu ya kitanda. Omba kuiona ile ya mzigo unaosafirishwa, usome kiwango cha juu. Kama kiwango hakifiki bei ya V8, V8 usiibebe hadi tajiri aongeze.

Kwa mteja: taja bei yote kabla ya kufunga ndoano, kwa ujumbe wa simu. Piga picha pande nne, rimu, bampa kwa chini, dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta kama umeme upo. Mwambie atoe vitu vyake vya thamani, asaini.

Lori_Mandela
Kuhusu lile kubwa, usihamie mpaka uelewe mambo mawili.

La kwanza ni breki za upepo. Lori likipoteza upepo, springi iliyo ndani ya chemba za nyuma inafunga tairi, kwa sababu upepo ndio uliokuwa ukiizuia. Weka kabari kabla ya kitu chochote. Kisha unga mpira wa upepo kutoka kwako ujaze matangi yake. Kama upepo unavuja, tumia ile bolti ndefu inayokaa ubavuni mwa chemba: ingiza kwenye tundu la nyuma, zungusha robo, kaza nati taratibu hadi springi irudi. Klampu ya kuzunguka chemba usiifungue kamwe, springi ya mle ndani inaua. Ukimaliza, kumbuka lori hilo halina tena breki ya kuegeshea.

La pili ni uzito wa mbele wa brekidauni yako. Ukinyanyua mzigo nyuma, stelingi inakuwa nyepesi. Chukua uzito unaonyanyua, zidisha kwa umbali kutoka katikati ya ekseli za nyuma hadi unaponyanyulia, gawanya kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na hizo za nyuma. Mfano: kilo 4,000 mara mita 2.5, gawa kwa mita 5, unapoteza kilo 2,000 mbele. Kama mbele ilikuwa na kilo 4,500 ikiwa tupu, zinabaki 2,500. Usishuke chini ya nusu, yaani 2,250, kwa hiyo hapo unapita. Ukinyanyua kilo 6,000 kwa umbali uleule, zinabaki 1,500. Hiyo huendi nayo. Fupisha mkono wa kunyanyulia, au litenganishe na tela.

Propela ifunguliwe kila mara, uweke alama ya rangi kabla ili irudi ilivyokuwa. Ukichagua kuchomoa ekseli badala yake, ziba habu kwa vifuniko, la sivyo oili yote inaishia barabarani na beringi zinafika Kibaha zimekauka.

Usiku_Barabarani
Kwa kuegesha: brekidauni ikae nyuma ya gari bovu wakati unakagua, taa zinawaka, uhamie mbele unapopakia tu. Pembetatu mita 50 nyuma mjini, na Morogoro Road ukishapita Kibamba peleka hadi mita 150, zaidi kama kuna kona. Matawi ya miti ongeza ukitaka, madereva wetu wanayaelewa haraka, ila yaokote ukiondoka. Vidhibiti vya winchi vitumie upande usio na magari. Njia ya mwendokasi usiingie hata kama foleni imesimama.