Maji ya bafu kugeuka moto ghafla

*Kikundi cha ploti, South B*

Mama Shiru (2B): Hamjambo majirani. Mtu akivuta choo, shawa inatoa maji ya kuchoma. Mikisa (bomba la kuchanganya maji moto na baridi) ni ile ya zamani ya vishikio viwili. Niweke gani?

Fundi Musyoka: Hiyo inachanganya tu, haipimi joto. Choo kikijaa kinanyonya baridi, presha yake inashuka, moto unabaki ule ule. Weka ya thamostati, inayojirekebisha joto yenyewe. Ndani ina nta inayotanuka ikipata joto, ndiyo inayobana njia ya moto.

Baba Njeri (6A): Angalieni presha kwanza! Maji yakishuka mita 10 kutoka tangini ni baa 1 (kipimo cha presha). Sisi wa juu tuna kama mita 3, yaani baa 0.3, na nyingi za thamostati zinataka angalau baa 0.5, nyingine 1. Imeandikwa kwenye boksi.

Fundi Musyoka: Kweli kabisa. Ghorofa ya pili ni sawa. Mama Shiru, pima kutoka katikati ya bomba moja hadi katikati ya lingine: milimita 150 ndiyo ya kawaida. Moto uwe kushoto, baridi kulia. Yakipishana, thamostati haitafanya kazi.

Mama Shiru (2B): Na kufunga kwenyewe?

Fundi Musyoka: Funga geti valvu (koki za kufungia maji) za moto na baridi, fungua shawa maji yaishe. Toa mikisa, toa zile kona mbili za ukutani zinazoshika mikisa, safisha thredi. Kona mpya zungushia thredi tepu (utepe wa kuzuia kuvuja) mara 10 hadi 15, upande uleule wa kukazia, la sivyo inajikunjua. Nati za mikisa hazitaki tepu, zina washa (pete za kuzuia kuvuja). Spana ifunge kitambaa isikwaruze kromu.

Baba Njeri (6A): Kabla ya kupachika mikisa, kinga ndoo ufungulie maji kidogo. Mchanga na vipande vya PPR (bomba za plastiki) huziba vichujio vya mikisa, halafu watu wanalaumu mikisa.

Mama Njoki (3C): Mimi natumia shawa ya umeme ya papo hapo. Itafaa?

Fundi Musyoka: Hapana mama, hiyo inapasha maji pale kichwani. Thamostati inataka bomba la moto la sola au heta ya tangi.

Mama Shiru (2B): Yangu ni sola. Nitajuaje imekaa sawa?

Fundi Musyoka: Weka nyuzi 38, pima kwa kipimajoto. Kisha funga geti valvu ya baridi shawa ikiwa wazi: maji yakatike au yabaki matone. Moto ukiendelea kutiririka, usiitumie, hasa na watoto. Irudishe dukani.